Kupiga Kambi na Familia Arusha na Moshi: Maswali Tunayoulizwa Kila Likizo

Shule zikikaribia kufungwa, wazazi hutuuliza mambo yaleyale: kambi ipi inafaa watoto, mlimani tuishie wapi, kwenye mtumbwi nani akae nyuma. Tumeyakusanya hapa kwa ajili ya familia inayotoka nyumbani na sufuria zake na mablanketi yake. Kanuni moja inapita katika majibu yote: safari hupimwa kwa mtoto aliye mdogo kuliko wote. Yeye akichoka, safari imechoka. Yeye akifurahi, mwakani mtarudi.

## Kabla ya kuamua

Haya si mambo ya watalii? Familia ya kawaida inaweza?

Inaweza. Raia wa Tanzania hulipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, kwa kiwango kilicho chini sana ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Ziwa Duluti liko Tengeru, mwendo wa daladala kutoka Arusha mjini. Kinachogharimu ni vifaa, na hivyo vinaazimika au kununuliwa mitumba (tazama swali la vifaa).

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu linatuuma. Wapo vijana waliozaliwa Usa River, wanaouona Meru kila asubuhi wakienda shule, wamemaliza kidato cha nne bila kumwona mbega hata mmoja. Mlima ni wao.

Mtoto awe na umri gani?

Kulala kambini, hata mchanga anayenyonya anaweza, ikiwa kambi iko chini na wazazi wamejiandaa kwa baridi. Kutembea ni suala lingine. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hutembea kilomita mbili au tatu kwa furaha, kisha anataka kubebwa, kwa hiyo hesabu nani atambeba na kwa umbali gani. Kuanzia miaka saba au minane wengi humudu matembezi ya nusu siku. Kwa mtumbwi tunapendelea mtoto anayeelewa na kutii neno "kaa", na hilo wengi huliweza wakifika miaka sita.

Hifadhi zina masharti yake ya umri kwa baadhi ya shughuli. Kilele cha Kilimanjaro, kwa mfano, hakiruhusiwi kwa mtoto aliye chini ya miaka 10. Ulizia getini au kwa simu kabla hujamwahidi mtoto chochote. Ahadi iliyovunjwa getini huharibu siku nzima.

Twende mwezi gani?

Juni hadi Oktoba ni kiangazi na njia ni kavu, ila Juni na Julai ni miezi ya baridi kali, na mara nyingi mawingu hufunika Meru na Kilimanjaro mchana kutwa. Januari na Februari hali ni nzuri mno: joto kiasi, anga safi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana wazi. Tatizo ni kwamba shule zimefunguliwa, hivyo mnabaki na wikiendi tu.

Machi hadi Mei ni masika. Tope la mlimani halina huruma kwa magari wala kwa viatu vya watoto, na likizo ya Pasaka huangukia humohumo. Kama ni lazima mtoke Pasaka, nendeni Duluti, ambako mkizidiwa na mvua mnarudi nyumbani chini ya saa moja.

Desemba kuna vuli, na pia kuna watu. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, barabara ya Arusha hadi Moshi inajaa, nauli zinapanda, na kila nyumba ya wageni imeshachukuliwa. Ukitaka Marangu au Materuni, nenda kabla ya tarehe 18 au subiri Januari iingie.

Siku ngapi zinatosha?

Kwa mara ya kwanza, usiku mmoja. Kwa familia iliyokwisha kuonja, usiku tatu. Mpango tunaoupenda: usiku wa kwanza Duluti, mkizoea hema na kupiga kasia kwenye maji yaliyotulia. Asubuhi mnahamia Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, mnalala huko usiku mbili. Siku ya kati ni ya kutembea na askari hadi maporomoko ya Tululusia, au kuzunguka maziwa kwa gari kama kuna aliyechoka. Siku ya mwisho msipange kitu. Kukunja hema lenye umande na kutafuta soksi ya mtoto kunakula asubuhi yote.

## Wapi tupige kambi

Tofauti ya Duluti, Momella na Chala ni nini?

Duluti ni ziwa dogo ndani ya shimo la volkano, limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuna njia ya kutembea ndani ya msitu kandokando ya maji, ndege ni wengi, kenge huota jua kwenye magogo. Hakuna nyati wala tembo wa kuogopa, na ndiyo sababu tunaanzia hapo na watoto. Kwa vijana wanaopenda historia, Tengeru ilikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na makaburi yao bado yanatunzwa.

Momella ni hifadhi kamili. Mnalala chini ya Meru, mlima wa mita 4,566, na asubuhi twiga wanapita mkichemsha uji. Maziwa yake ni ya magadi, ndiyo maana flamingo huyapenda, na mitumbwi hupigwa kasia kwenye Momella Ndogo mkiwa na mwongozaji. Sheria ni nyingi zaidi kuliko Duluti, na kila moja ina sababu yake.

Chala iko mashariki ya Kilimanjaro, mpakani na Kenya, kupitia Himo. Ni shimo la volkano lenye maji ya kina kirefu yanayolishwa na chemchemi za chini ya ardhi kutoka mlimani. Kambi iko juu ukingoni, na kushuka majini ni njia ya mteremko mkali. Rangi ya maji yake hubadilika siku nzima, kutoka kijani hadi buluu nzito, na hatujui mahali pazuri zaidi pa kukaa kimya na kijana wa miaka kumi na mitano. Kwa mtoto wa miaka minne, hapana: ukingo ni hatari na kupanda kurudi kunachosha. Soma pia swali la mamba.

Moshi kuna nini kwa asiyetaka kwenda mbali?

Materuni, upande wa Uru. Mnatembea kati ya migomba na mibuni, mnafika kwenye maporomoko ya takriban mita 80, na mnaweza kunywa kahawa iliyotwangwa na kukaangwa mbele yenu. Kiingilio kinalipwa kijijini. Maji ya pale ni baridi kiasi cha kumtoa mtoto machozi, kwa hiyo bebeni taulo na sweta la akiba. Marangu nako kuna maporomoko ya Kinukamori, karibu kabisa na barabara, yanayofaa kwa bibi na wajukuu.

Chemka je?

Chemchemi za Kikuletwa, ambazo wengi huziita Chemka au Maji Moto, zinafikika kwa kupitia Boma Ng'ombe. Ni nzuri kwa siku ya kupumzika baada ya mlima. Maji ni ya uvuguvugu na yanaonekana hadi chini, na uwazi huo humdanganya mtoto kuhusu kina. Mvalishe jaketi la kuokolea hata kama wenzake hawajavaa. Wikiendi kuna muziki na umati, hivyo familia iende asubuhi ya siku ya kazi.

## Malipo, vibali na njia

Viingilio ni shilingi ngapi?

Viwango hubadilika, kwa hiyo chukua vya sasa kutoka Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, wenyewe. Jambo la muhimu ni kujua unalipia nini, kwa maana wengi huhesabu kiingilio tu kisha wakashtuka. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha kuna kiingilio cha kila mtu, ada ya gari, ada ya kambi kwa kila mtu kwa kila usiku, ada ya askari wa kutembea naye, na ada ya mtumbwi. Bei zinazotangazwa mara nyingi hazijajumuisha VAT ya asilimia 18. Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu, na wa miaka 5 hadi 15 hulipiwa kiwango cha mtoto.

Malipo ni kwa kumbukumbu namba, kupitia benki au simu, au kwa kadi. Usiende na bahasha ya noti. Lipa jioni ya kuamkia safari, mtandao ukiwa mzuri.

Tubebe nyaraka gani?

Kitambulisho cha NIDA au pasipoti kwa kila mtu mzima, na nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa kila mtoto. Bila uthibitisho wa uraia mnaweza kudaiwa kiwango cha mgeni. Kadi za bima ya afya ziwekwe pochi hiyohiyo.

Gari dogo litafika?

Duluti, ndiyo. Momella wakati wa kiangazi, gari dogo lililo juu kidogo hufika likiendeshwa polepole. Wakati wa mvua, gari linalovuta magurudumu yote manne, au msiende. Kuendesha usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, hivyo muwe kambini kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ni vyema zaidi saa kumi, kwa sababu hema la kwanza daima huchukua muda mrefu kuliko mlivyodhani. Barabara kuu ina vipande vingi vya spidi 50 vijijini, na trafiki wapo.

Wasio na gari: daladala hadi Tengeru, kisha bodaboda hadi lango la ziwa. Mizigo ya familia ya watu watano haipandi bodaboda, kwa hiyo familia mbili zichange zikodi Noah. Inatoka nafuu kuliko mnavyofikiri.

## Vifaa, baridi na chakula

Ni vifaa gani vya lazima, na tuvipate wapi?

Hema lenye sakafu iliyoshonwa na kifuniko cha mvua, mkeka au godoro jembamba la kila mtu, blanketi au begi la kulalia, tochi ya kichwani kwa kila mtoto (wakigombea tochi moja hamtalala), jiko dogo la gesi, sufuria mbili, dumu la lita 20, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Viatu viwe vimeshavaliwa wiki kadhaa. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge.

Kwa nguo za baridi na viatu vya kupandia, hakuna mahali kama mitumba. Soko la Memorial, Moshi, lina makoti ya mlimani yaliyokwisha fika Kibo zaidi ya wamiliki wake wapya. Nenda asubuhi, jaribu zipu, pekua mifuko.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Funga vitu kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa.

Halafu, kabla ya yote, simamisheni hema uani nyumbani na mlale humo usiku mmoja. Hapo ndipo mtagundua fimbo imevunjika, na hapo ndipo mtoto anayeogopa giza anazoea akiwa hatua kumi kutoka kitandani kwake.

Watoto watapigwa na baridi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalostahili.

Baridi ya kambini hutoka chini zaidi ya juu. Mama akimfunika mwanawe mablanketi matatu juu na kumwacha juu ya sakafu ya hema, mtoto ataamka saa tisa usiku akitetemeka. Gawa vinginevyo: mawili chini, moja juu. Shuka la Kimasai lililokunjwa mara nne chini ya mgongo hufanya kazi nzuri kuliko koti la bei.

Nguo alizotembea nazo mchana zina jasho hata kama zinaonekana kavu. Mbadilishe kila kitu kabla ya kulala, pamoja na soksi, umvike mzula. Mpe uji au maziwa ya moto usiku. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye soksi, ikawekwa miguuni, humlaza mtoto hadi alfajiri. Hakikisha kifuniko kimekaza kwa kuipindua juu chini kwanza.

Jiko la mkaa halilali ndani ya hema. Narudia: jiko la mkaa, hata lililobaki na majivu mekundu kidogo, halilali ndani ya hema wala ndani ya gari lililofungwa. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini, bila harufu na bila moshi. Mwambie kila mtu mzima kambini, akiwemo mjomba aliyekuja amechelewa.

Maji ya kunywa?

Bebeni kutoka nyumbani. Maji ya maeneo ya Meru yana floraidi nyingi ya asili itokanayo na miamba ya volkano, na ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku vinakipita kwa mbali. Maziwa ya Momella ndiyo kabisa, hayafai hata kupikia. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki na kukolea.

Lita tatu za kunywa kwa mtu mzima kwa siku, mbili kwa mtoto, na dumu la kupikia pembeni.

Tupike nini?

Kinachopendwa nyumbani, kilichoandaliwa nusu. Makande yaliyokwisha chemshwa yanahitaji kuungwa tu. Chapati za jana, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga, na thermosi mbili kubwa. Mtori hupasha mwili jioni na watoto hawaukatai. Nyama mbichi iliwe siku ya kwanza. Kuokota kuni ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, kwa hiyo gesi.

Nyani wakija?

Watakuja, na tumbili pia. Chakula chote kikae garini, vioo vimefungwa. Usimpe mnyama chochote, wala usimruhusu mtoto kula akizungukazunguka na ndizi mkononi, maana nyani aliyezoea kupewa hatimaye hunyang'anya.

## Kutembea

Tunaweza kutembea wenyewe hifadhini?

Hapana. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha kutembea ni pamoja na askari mwenye silaha, kwa sababu nyati ni wengi na hawana subira. Simba si wenyeji wa hifadhi hii, lakini chui na fisi wapo. Mlima Kilimanjaro nako lazima mwe na mwongozaji aliyesajiliwa, hata kwa safari ya siku moja.

Watoto wafundishwe mambo matatu kabla ya kuanza: hatukimbii, hatupigi kelele, hatumpiti askari. Wengi wa askari hawa ni walimu wazuri mno. Mwombe awaonyeshe nyayo na vinyesi, na mtoto aliyekuwa analalamika miguu atasahau.

Njia ipi nzuri kwa mara ya kwanza?

Tululusia, kutoka lango la Momella. Mnakatiza uwanda wa majani wenye nyati na ngiri, mnaingia msituni, mnafika kwenye maporomoko. Ni nusu siku ya starehe pamoja na kusimamasimama. Ndani ya msitu, suruali ndefu iingizwe kwenye soksi: kuna siafu na kuna majani ya upupu. Siafu wakipanda, usimpigepige mtoto. Mtoe kwenye mstari wao, mvue haraka, wabandue mmoja mmoja.

Na Kilimanjaro kwa siku moja?

Kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, ni takriban kilomita 8 kwenda na nyingine 8 kurudi, ndani ya msitu wa mvua. Mtoto wa miaka kumi aliyezoea kutembea huweza, mkianza mapema. Robo saa kutoka Mandara kuna kreta ya Maundi, na anga likiwa safi mnaona vilele vya Kibo na Mawenzi pamoja. Mkifika Mandara saa nane kasoro, achaneni na Maundi, mle mteremke.

Kila mita 1,000 mkipanda, joto hushuka nyuzi kama 6. Watu wa Moshi husahau hili kwa sababu wanatoka kwenye jua. Koti la mvua kwa kila mtu, hata kulipopambazuka na jua kali.

Nitajuaje mlima umemshika mtoto?

Mtoto mdogo hasemi "kichwa kinaniuma kwa sababu ya mwinuko". Ananyamaza. Aliyekuwa mchangamfu anaanza kulialia, hataki chakula, anatapika, anataka kulala njiani. Kuanzia mita 2,500 kwenda juu, chukulia dalili hizo ni mlima mpaka ithibitike vingine. Dawa ni kushuka, wote pamoja, saa hiyohiyo. Usimpe kidonge cha maumivu ili aendelee kupanda.

Meru mpaka kileleni, familia nzima?

Si kwa familia yenye watoto. Ni safari ya siku tatu au nne, na usiku wa kilele unaanza saa saba au nane kwenye mwamba mwembamba. Kijana wa miaka kumi na sita aliyeizoea milima, akiwa na mzazi mmoja, hilo linazungumzika.

## Majini

Sijui kuogelea. Naweza kupiga kasia?

Unaweza, ukiwa na jaketi la kuokolea lililofungwa na mwongozaji karibu. Wengi wetu wa huku milimani hatukukua na maji, na hakuna aibu ndani yake. Mweleze mwongozaji mapema, mbele ya watoto, nao wataona kwamba kusema ukweli majini ni jambo la kawaida.

Jaketi la mtoto liwe vipi?

Mvalishe, funga mikanda yote, kisha shika mabegani uvute juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, na akidondoka litamtoka. Jaketi la mtu mzima lililokazwa kwa kamba si jaketi la mtoto. Kama mahali mlipofika hawana saizi yake, mtoto huyo haingii majini siku hiyo. Acha alie. Afadhali kilio cha nchi kavu.

Nani akae wapi?

Kwenye kayaki ya watu wawili, mzito na mzoefu hukaa nyuma, maana nyuma ndiko kuna usukani. Mtoto mbele, anaona kila kitu na kasia lake likikosa maji haiharibu mwendo. Msisimame kubadilishana nafasi, rudini ufukweni. Watoto wawili wasiwe peke yao kwenye chombo kimoja, hata wawe wakubwa.

Saa ngapi ni nzuri?

Asubuhi, kati ya saa moja na saa nne. Mchana upepo huamka, na mkono wa mtoto hauushindi. Anzeni kwa kwenda upande upepo unakotoka, mkiwa na nguvu, ili kurudi iwe rahisi. Kaeni karibu na ukingo, lakini mkiwa Momella mtiini mwongozaji kuhusu umbali wa kuwaacha viboko.

Chombo kikipinduka?

Shika chombo. Usiogelee kukimbilia nchi kavu hata kama inaonekana karibu, kwani chombo kinaelea na kinaonekana. Mhesabu mtoto kwanza, kasia baadaye. Fanyeni zoezi hili kwenye maji ya kiunoni kabla ya kuondoka, mwongozaji akisimamia. Watoto hulipenda kuliko safari yenyewe.

Kuna mamba Chala?

Mwaka 2002 mamba alimuua binti wa miaka 18 aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya. Msimamo wetu ni kwamba Chala mnapiga kasia na mwongozaji wa pale, hamwogelei. Kwa kuogelea, chagueni bwawa.

Na kichocho?

Kinaambukizwa kwenye maji yasiyo ya chumvi, yaliyotulia, yenye konokono, hasa kandokando penye majani. Punguzeni kusimama ndani ya maji ya ukingoni, jifuteni mara mkitoka, na wiki kadhaa baadaye mtoto akikojoa damu au kulalamika tumbo, mwelezeni daktari kwamba alikuwa ziwani.

## Hali za pekee

Mwanangu ana seli mundu. Tumwache nyumbani?

Asiachwe, ila safari ibadilike. Mwinuko, baridi na kupungukiwa maji vyote vinaweza kuamsha maumivu, kwa hiyo Mandara na Meru vitoke kwenye mpango. Duluti kwa mchana, au usiku mmoja wa msimu wa joto, akiwa amevaa vizuri na anakunywa maji kila saa, ni jambo la kuzungumza na daktari wake wa kliniki kabla. Asiloweshwe na maji baridi. Kaeni mahali ambapo mnaweza kufika hospitali ya Mount Meru, Arusha, au KCMC, Moshi, bila kuhangaika usafiri, na dawa zake ziwe kwako, si kwenye begi lililo garini.

Mwenye pumu?

Kifaa chake cha kuvuta kiwe shingoni au mfukoni mwake, na cha akiba kwa mzazi. Moshi wa moto wa kambi na baridi ya alfajiri ndivyo vya kuangalia.

Mama mjamzito?

Kambi ya chini na matembezi mepesi, kwa ruhusa ya kliniki. Mtumbwi asubiri.

Tunaswali. Kibla kiko wapi na mavazi yaweje?

Kutoka Arusha na Moshi, kibla ni kaskazini, ukielemea mashariki kidogo. Mkiwa Momella, Meru utakuwa mkono wenu wa kushoto. Kwenye mtumbwi, hijabu iliyobanwa vizuri haina tatizo. Baibui au dera refu chini ya jaketi ndilo la kuepuka, kwa sababu likilowa huzonga miguu. Suruali pana na kanzu fupi ya magotini inatosha. Mkitaka nyama, bebeni yenu kutoka kwa bucha mnalolijua.

Bibi ana miaka sabini na anataka kuja.

Aje. Apewe kiti chenye mgongo, kitanda cha kukunja badala ya mkeka, na hema lililo karibu na choo. Usimwachie watoto wote siku nzima eti kwa kuwa yupo kambini. Naye amekuja likizo. Kuzunguka maziwa ya Momella na kreta ya Ngurdoto kwa gari kunamfaa sana, na hadithi za jioni mwachieni yeye.

Mtoto akitaka kwenda haja usiku?

Ndani ya hifadhi msitoke. Wekeni ndoo ndogo yenye kifuniko kwenye kibaraza cha hema, ndani ya zipu, na mwageni chooni asubuhi. Pampasi zilizotumika zirudi nyumbani kwenye chombo kilichofungwa. Zikizikwa, fisi huzifukua.

Dharura ikitokea tumpigie nani?

Hifadhini, askari aliye zamu ndiye wa kwanza, hivyo chukueni namba yake mkifika na mwiandike kwenye karatasi. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112. Mtandao wa simu hukatika kwenye mikunjo ya mlima, kwa hiyo mwachieni ndugu mmoja nyumbani ratiba yenu: kambi gani, usiku gani, namba ya gari, na saa ambayo asipowasikia aanze kupiga simu.